Misaada Yote Ipitie kwa Mhusika

Jumapili, 8 Juni

Nimeshinda! Nimemshinda Mwokaji mbele ya kanisa zima, na mashahidi wapo.

Niandike vizuri, wajukuu wakija kusoma waelewe. Kanisani kwetu, mahubiri yakiisha, Katibu husoma mahitaji ya wiki. Fulani anahama, anataka watu wa kumbebea makabati. Fulani amejifungua, hana wa kumpikia. Anayesimama wa kwanza ndiye mwenye kazi, na akishasimama hakai mpaka aimalize. Ndivyo tulivyozoea. Na mwaka huu Mchungaji ametangaza kwamba mwezi huu atamchagua Mzee wa Huduma, mtu mwenye moyo wa kutoa, asiyesukumwa. Huyo atapewa kile kiti cha mbele chenye mikono na mto wa zambarau. Kile kiti! Mimi ni mpiga picha, najua ninachosema. Mwanga wa dirishani unakiangukia upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndio upande wangu mzuri.

Kikwazo ni Mwokaji. Ana duka la mikate nyuma ya kanisa. Mfupi, mnene, ana unga masikioni hata Jumapili. Katibu akimaliza kusoma tu, huyo kasimama. Hasemi kitu. Anasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Tangu mwaka uanze sijaambulia hitaji hata moja la maana, isipokuwa kulisha kuku wa shemasi, na mmoja wa kuku hao alinidonoa.

Leo nikabuni mbinu. Kwani lazima nisubiri Katibu amalize? Nikakaa ukingoni mwa benchi, goti moja mbele. Katibu akasema, "Wapendwa, wiki hii tuna..." Mimi huyo, juu! Mwokaji alikuwa bado anatafuta miwani yake. Katibu akaniuliza kwa upole kama ningependa kulisikia hitaji lenyewe kwanza. Nikamjibu kwamba mtumishi wa Mungu hachagui. Watu wakaitikia amina. Wengine walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kujivunia mtu wao.

Hitaji lenyewe ni Mwalimu. Mwalimu wa kwaya wa zamani, aliyetufundisha kuimba sisi sote tulipokuwa watoto. Alivunjika nyonga, hajashuka chini kwa miezi. Binti yake anayemhudumia amesafiri kikazi wiki nzima, kwa hiyo anahitajika mtu wa kumlisha, kumsafishia nyumba, kumfulia, na Jumapili ijayo kumteremsha kutoka ghorofa ya tatu aje ibadani.

Mke wangu alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nadhani alikuwa anaomba.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza huduma rasmi. Nilipanda ngazi nikiwa na kamera, miguu mitatu ya kuiwekea kamera, na taa moja. Mke wangu alipanda nyuma yangu na supu, ndoo, fagio, sabuni na mashuka safi. Tuligawana mizigo.

Mwalimu amekonda, ila ulimi haujakonda. Alinitazama kuanzia viatu hadi kipara akauliza kama ndimi yule wa safu ya nyuma. Nikasema ndimi. Ananikumbuka! Wanafunzi wote hao aliowafundisha, ananikumbuka mimi. Ni kweli nilikuwa na nafasi ya pekee kwenye kwaya ya watoto. Wenzangu wote waliimba tu, lakini mimi Mwalimu aliniagiza nifungue mdomo bila kutoa sauti. Kazi hiyo hakumpa mtoto mwingine yeyote.

Nikatega kamera ijipige yenyewe, nikakaa kitandani na bakuli, nikampelekea kijiko mdomoni. Picha ya kwanza nilifumba macho. Ya pili Mwalimu alifumba macho. Ya tatu kijiko kilificha kidevu changu. Tulipofikia picha nzuri, Mwalimu akasema supu imeshakuwa maji ya mtoni, na kwamba mikono yake haijavunjika, iliyovunjika ni nyonga, kwa hiyo nimpe kijiko chake ale mwenyewe. Nikampa. Picha ninayo.

Baada ya kula akanieleza haja yake. Jumapili kwaya itaimba wimbo wa shukrani alioutunga yeye akiwa msichana. Haujaimbwa kanisani miaka mingi, maana una sauti nne na watu wa siku hizi wanaziogopa. Sasa wamejifunza. Na Jumatatu yake mwanawe wa kiume anakuja kumchukua akaishi naye mbali sana, moja kwa moja. Kwa hiyo ni Jumapili hiyo au basi. Alisema hataki supu, hataki mashuka, hataki picha. Anataka kuwa pale chini wimbo ukianza. Alipokuwa anasema alishika ukingo wa shuka kwa nguvu, na sauti yake ikapungua kidogo.

Nikamwambia ahesabu jambo hilo limekwisha. Mimi nikisema nimesema.

Ila kuna jambo limenitibua. Tulipokuwa tunaondoka, nikaona kwenye kitasa cha mlango, upande wa nje, alama ya unga.

Jumanne, 10 Juni

Nilijua! Nilifika mapema kuliko kawaida yangu, nikakuta kitambaa kimefungwa kwenye kitasa, na ndani ya kitambaa mkate. Wa moto! Mwokaji anataka kuniibia Mwalimu wangu mchana kweupe. Nilisimama mimi, bado anapenyeza mkate. Huo ni utu?

Nikafikiri haraka. Nikautoa mkate kwenye kitambaa, nikautia ndani ya begi la kamera, nikaingia nao, kisha nikautoa kwa heshima zote kana kwamba nimeununua njiani. Mwalimu akamega, akatafuna, akasema huu ni wa Mwokaji. Kumbe huwa anauning'iniza pale kila alfajiri tangu nyonga ivunjike, hajawahi hata kubisha hodi. Mwalimu akauliza umefikaje kwenye begi langu. Nikasema nilikuwa nautunzia joto. Akatafuna tena, akasema una ladha ya betri.

Kumbe si Mwokaji peke yake. Jirani wa chini humletea maji. Kina mama wa kwaya huja Jumatano kufagia. Jirani mwingine humsomea magazeti. Watu wamejaa humu kama stendi! Sasa Mchungaji akija kuchagua Mzee wa Huduma, atajuaje nani ni nani? Huduma inataka utaratibu.

Nikarudi studio, nikachapa tangazo kwa herufi kubwa, nikalifunika kwa plastiki ngumu ile ya vitambulisho lisiingie maji, nikalibandika mlangoni kwa Mwalimu:

MWALIMU YUKO CHINI YA UANGALIZI MAALUMU. MISAADA YOTE IPITIE KWA MHUSIKA.

Chini yake picha yangu ndogo na namba ya simu ya studio. Limependeza mno. Nimetoa na nakala ya kuhifadhi.

Jumatano, 11 Juni

Simu imelia siku nzima! Kina mama wa kwaya wakauliza waje na mafagio au na madekio. Nikawaambia wasijisumbue, kila kitu kimeshughulikiwa. Jirani wa maji akauliza. Nikamwambia apumzike, amechoka. Msoma magazeti nikamshukuru kwa niaba ya Mungu.

Na Mwokaji? Asubuhi nilimkuta amesimama nje ya studio na kitambaa chake. Nikajiandaa kwa vita. Akasema amesoma tangazo, na kwa kuwa mhusika ni mimi, ameona aulete mkate kwangu. Akanipa kwa mikono miwili! Akauliza na mimi naendeleaje, na mgongo wangu, maana anakumbuka uliwahi kunisumbua. Akaenda zake. Nilibaki nimeshika mkate. Mtu mjanja sana yule. Sijajua bado ujanja wenyewe uko wapi, lakini nitaujua.

Mke wangu amefua, amepika, amefagia, amebeba maji ghorofa tatu mara nyingi kwa sababu jirani wa maji anapumzika. Mimi nimepiga picha nzuri tano.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata pigo nyumbani kwangu mwenyewe.

Asubuhi mke wangu hakuamka kupika supu. Nikamwuliza anaumwa? Akasema haumwi. Nikamkumbusha kwamba tuna huduma. Akasema anakumbuka vizuri sana siku ile kanisani, na anachokumbuka ni kwamba nilisimama mimi. Yeye alikuwa amekaa. Akasema kumwogesha Mwalimu ataendelea kumwogesha, kwa ajili ya Mwalimu, si kwa ajili ya kiti cha mtu. Lakini supu, maji, fagio na nguo, na ile ndoo ya chini ya kitanda, apelekewe mhusika.

Nikamwambia hayo maneno si ya mke wa Mzee wa Huduma mtarajiwa. Akajifunika shuka.

Basi nikapika mwenyewe. Mungu aliona! Karoti ziligoma kuiva na viazi vikaiva kupita kiasi, ndani ya sufuria hiyo hiyo moja, sielewi. Mwalimu akaonja, akauliza kama kanisani chumvi imeisha. Nikaongeza. Akaonja, akasema sasa imepatikana yote. Hata hivyo alikula. Alikula mpaka mwisho, akaniambia nikae, nimechoka, nimetokwa jasho mpaka kwenye nyusi.

Nikaitoa ile ndoo. Sitaandika zaidi. Niseme tu kwamba hakuna picha, nilikuwa nimeshika kwa mikono yote miwili na nimebana pumzi.

Ijumaa, 13 Juni

Maji, ngazi. Nguo, ngazi. Mkate wa Mwokaji, ngazi. Magoti yananiambia mambo.

Lakini kuna jambo nimelifanya vizuri, na nalisema bila haya. Mwalimu aliniambia kama nimeng'ang'ania kupiga picha, basi nimpige yeye, peke yake, mimi nikae huko nyuma ya kamera mahali pangu. Nikamsaidia kuvaa joho lake la zamani la kwaya. Kola imefifia. Nikamgeuza kidogo aelekee dirishani, nikamwambia asitabasamu kama hataki. Hakutabasamu. Akaanza kuupigapiga mto kwa kidole, taratibu, akihesabu mapigo ya wimbo wake, nikabonyeza hapo hapo.

Nilipomwonyesha aliisogeza karibu na macho. Kisha akauliza, sauti ndogo kabisa, kama kweli Jumapili nitamteremsha. Nikasema Mwalimu, hilo liondoe moyoni. Akasema si kwamba hana imani na mimi, ila ananijua tangu niko safu ya nyuma.

Sikulala vizuri. Mgongo tu.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa kesho uko tayari, na ni mpango mkubwa.

Mchana kiongozi wa kwaya alipiga simu. Akasema wanaume wanne wa sauti ya nne wako tayari kuja kesho kumbeba Mwalimu na kiti chake. Wanne! Sasa niulize: wakimbeba wanne, mbebaji ni nani? Mchungaji atamwona nani? Picha itajaa mabega ya watu. Nikamjibu wasijisumbue, wakae wakalainishe koo, kila kitu kimeshughulikiwa.

Nitambeba mwenyewe. Mgongoni. Nimechukua mikanda yote ya mabegi ya kamera, ile ya ngozi na ile ya turubai, nikaishonea kwenye kiti cha mbao kikavalika mabegani kama mkoba wa shule. Kamera nitaitega mlangoni mwa kanisa, ijipige yenyewe tena na tena. Watu wanageuka, mlango unafunguka, mwanga unaingia, mimi huyo naingia na Mwalimu mgongoni, nakuja katikati ya kanisa mpaka mbele, pale penye mto wa zambarau. Nimetokwa na machozi nikiliwaza tu.

Mke wangu alikataa kubebwa kwa majaribio. Akasema kama nina akili nimpigie simu Mwokaji, nimpigie kiongozi wa kwaya, nimpigie yeyote, maana kesho si siku yangu, ni siku ya Mwalimu. Nikamwambia ana wivu wa kiroho.

Nikafanya majaribio na mfuko wa mchanga kutoka kwa fundi ujenzi. Ngazi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu kikasikika kitu kikisema "ka!" Nilidhani ni mkanda. Mkanda ulikuwa mzima.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, daftari liko sakafuni.

Asubuhi niliamka sijanyooka. Nilikuwa nimekunjwa kiunoni, natazama vidole vyangu vya miguu, na nikijaribu kuinuka napiga yowe. Mke wangu akasema sasa piga simu. Nikamwambia mtumishi harudi nyuma. Kweli nisingerudi, hata kugeuka nilikuwa siwezi. Akaondoka kwenda kumwogesha na kumvisha Mwalimu, kisha nikamtuma akaitege kamera kanisani. Alikataa kunijibu lakini akaenda.

Mwalimu alikuwa amekaa tayari, joho limepigwa pasi, kiatu kimoja kinang'aa kuliko kingine. Aliniona nimeingia nimeinama, akadhani ni adabu. Nikamfunga kwenye kiti kwa mikanda, nikachuchumaa, nikavaa, nikaita jina la Bwana, nikainuka.

Kusema kweli tulifika mbali. Tulitoka mlangoni. Tulishuka ngazi kadhaa, kiti kikigonga ukuta, Mwalimu akinihesabia mapigo ili nisipoteze mwendo. Tulipofika pale ngazi zinapokata kona, mgongo ukakataa. Haukuuma hata. Ulikataa tu. Nikakalisha kiti chini polepole, na mimi nikabaki pembeni yake nimekunjana. Kupanda siwezi. Kushuka siwezi. Simu iko kwenye koti, koti liko ghorofani.

Pale kwenye kona kuna dirisha, na dirisha linatazama mlango wa kanisa, ng'ambo ya barabara. Tulisikia kila kitu. Tukasikia matangazo. Tukasikia Mchungaji akisema sasa tutulie kwa sala ya kimya, kisha kwaya ituhudumie kwa wimbo wa shukrani.

Nikamtazama Mwalimu. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuwa amenyoosha shingo kuelekea dirishani, mikono imekaa mapajani, kidole kimeshaanza kupiga joho. Macho yamejaa. Akasema basi, pengine hata hapa panasikika.

Nikaanza kumweleza kwamba mgongo ukishalegea kidogo tu nitaendelea, na kwamba nina mpango wa pili. Akanikatiza. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya darasani kama nakumbuka alichoniambia nilipokuwa mtoto. Nikasema nakumbuka, nifungue mdomo, nisitoe sauti. Akasema, "Leo itoe. Itoe yote uliyonibania miaka yote hii."

Nikajishika dirishani. Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka sikuifahamu hata mimi! Njiwa wote wakaruka kutoka paa la kanisa. Nilipiga kelele, "Nisaidieni! Nimeshindwa!" katikati kabisa ya sala ya kimya.

Mlango wa kanisa ukafunguka. Wa kwanza kutoka, nani? Mwokaji, anakimbia na tumbo lake, unga masikioni. Nyuma yake wale wanne, na kwaya nzima na majoho yao, na kina mama wa mafagio, na jirani wa maji. Mke wangu alikuwa amekunja sketi anaruka ngazi mbili mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwokaji akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya chini ya kiti, kule kunakokaa uzito wote, akashika. Mimi nikatoa maelekezo. Kushoto! Kulia! Inua! Kwenye kona ya mwisho kiti kikamminya Mwokaji mkono dhidi ya ukuta, nikamsikia akivuta pumzi. Hakuachia.

Na mimi nilibebwa. Kina mama wawili, kwapa huku na kwapa kule.

Mchungaji mwenyewe akakisogeza kile kiti chenye mto wa zambarau katikati, mbele ya kwaya, Mwalimu akakaa. Wakaimba. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu, na ya nne ikaingia kwa pumzi za ngazi, lakini ikaingia. Ubeti wa pili Mwalimu akaanza kuimba nao. Sauti yake imechakaa, inatetemeka, lakini kila mtu akapunguza ya kwake ili isikike. Nililia. Nilikuwa nimeinama, kwa hiyo machozi yalidondokea viatu moja kwa moja.

Pambio la mwisho kanisa zima likasimama. Nami nikavuta pumzi. Mwalimu akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona huku nyuma, akaweka kidole mdomoni.

Nikafungua mdomo, sikutoa sauti. Ananikumbuka hata mbele za watu!

Jumapili, 22 Juni

Mgongo umenyooka, namshukuru Mungu. Niandike ya wiki nzima kwa ufupi.

Mwalimu alichukuliwa Jumatatu. Aliondoka na joho lake, na ile picha aliyopigwa dirishani. Nilimwambia mwanawe asiikunje.

Kamera ya mlangoni ilipiga vizuri. Kuna picha moja kali sana: kiti kinaingia, mwanga uko nyuma, Mwalimu ameinua uso. Tatizo, watu wengi mno. Nikaikata. Nimeondoa wale wanne, nimeondoa kina mama, nimembakiza Mwalimu, na mimi kwa nyuma kidogo, nimeinama kwa unyenyekevu. Umebaki mkono mmoja tu wenye unga umeng'ang'ania mguu wa kiti. Nimejaribu kila njia, ule mkono hautoki bila kiti kuanguka. Nikaipeleka ubao wa matangazo, nikakuta mke wangu ameshabandika ile nzima, yenye watu wote, na watu wamejazana mbele yake kila mtu akijitafuta. Ameibandika kwa gundi, haibanduki.

Leo Mchungaji akatangaza Mzee wa Huduma. Nilikuwa nimevaa suti. Akasema Mwokaji. Makofi! Mwokaji akainuka, mkono mmoja una plasta gumu mpaka kwenye kiwiko, akasema anashukuru lakini kiti kile angependa kibaki wazi mbele pale, apewe yeyote atakayeletwa amebebwa. Halafu akarudi kwenye benchi lake. Kanisa likapiga makofi tena kuliko mwanzo.

Mimi nimelielewa vizuri jambo hili. Kiti kiko wazi. Na ni nani aliyeletwa amebebwa Jumapili iliyopita, mbali na Mwalimu? Hebu tafakari.

Kisha yakaja mahitaji. Nilikuwa tayari, ukingoni, goti mbele. Katibu akanitazama, akavuta pumzi, hajafungua hata mdomo, mimi juu! Safari hii Mwokaji hakujaribu kabisa. Alikaa tu ameshika plasta lake, ananitazama, na nadhani alikuwa anajaribu kunipungia nikae.

Hitaji ni hili: Mwokaji amevunjika mkono ule, hawezi kukanda unga. Anahitajika mtu wa kuingia dukani kwake kila alfajiri, kukanda, kuoka, kisha kuning'iniza mikate kwenye vitasa vya watu. Kumbe Mwalimu hakuwa peke yake. Ni vitasa mtaa mzima! Mpaka plasta litolewe.

Watu wakanicheka, kicheko kile kile cha kujivunia. Mke wangu alikuwa amekaa, na akahakikisha nimemwona kwamba amekaa. Baada ya ibada kina mama wakaja kuniambia watakuja kusaidia kukanda. Wale wanne nao. Jirani wa maji naye, ati atabeba magunia.

Niliwashukuru wote. Nikapitia studio, mashine ilikuwa bado ina moto. Tangazo limetoka zuri kuliko la kwanza, nitalibandika kesho alfajiri kwenye mlango wa duka:

MWOKAJI YUKO CHINI YA UANGALIZI MAALUMU. MISAADA YOTE IPITIE KWA MHUSIKA.